MDAI AU MDAIWA?
Swali Juu ya Mtoto Aliyerudi Kutoka Vitani



Katika chuo cha dini ninakofundisha, huku ugenini, nilikuwa siku moja nikisomesha juu ya toba. Nilieleza, kama walimu wote waelezavyo, kwamba toba ina nguzo zake: mtu aliache kosa, alijutie, aazimie kutolirudia, na ikiwa amemdhulumu mwenziwe, basi amrudishie haki yake. Somo lilipokwisha, mwanafunzi mmoja atokaye kaskazini ya Uganda alibaki nyuma ya wenzake. Akaniuliza: "Mwalimu, mtu aliyeua akiwa na umri wa miaka 11, toba yake ni ipi?"

Nilimjibu upesi, kwa kuwa jibu nililijua. Nilimwambia kwamba mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi. Kalamu ya hesabu haijaanza kumwandika. Basi mtu huyo hana dhambi ya kutubia. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Nakushukuru, Mwalimu. Mtu huyo ni kaka yangu. Nitampelekea jibu lako. Lakini ikiwa hana deni lolote, mbona halali usiku, na mbona jirani zetu hawampi mkono?"

Sikuwa na jibu la pili. Jibu langu la kwanza lilikuwa sahihi, na hata leo silibadili. Lakini nililitoa kama mtu afungaye kitabu, hali mwenzangu alikuwa ndiyo kwanza akifungua moyo wake. Tangu siku ile nimelifikiri sana swali hilo, na leo napenda tulitazame pamoja, mimi nawe, uwe Mwislamu wa miaka mingi, au uliyeingia jana, au ungali mtu wa dini nyingine unayesoma kurasa hizi kwa kutafuta ukweli. Swali lenyewe ni hili: mtoto aliyefanywa askari, akaua na kuchoma, kisha akarudi nyumbani, je, yeye ni mdaiwa anayekuja kuomba tumsamehe, au ni mdai anayekuja kutudai haki yake?

Jinsi Mtoto Afanywavyo Askari

Hatuwezi kumhukumu mtu kabla ya kujua alivyofika alipofika. Basi na tuanze na nchi ile ya mwanafunzi wangu.

Vita vya kaskazini ya Uganda, baina ya serikali na waasi wa Joseph Kony wanaojulikana kwa jina la Lord's Resistance Army, vilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuitesa sehemu hiyo mpaka mwaka 2006, yalipoanza mazungumzo ya amani mjini Juba. Waasi hao hawakuwa na wafuasi wengi wa hiari. Jeshi lao walilijaza kwa kuteka watu, na hasa watoto. Makumi ya maelfu ya watoto na vijana walichukuliwa majumbani, mashambani, njiani na mashuleni. Waliopendwa zaidi ni wale walio ukingoni mwa utoto: wakubwa kiasi cha kubeba mzigo na bunduki, wadogo kiasi cha kugeuzwa wapendavyo wakubwa wao.

Yafaa ieleweke kwamba kumteka mtoto ni rahisi. Kazi ngumu ni kumzuia asitoroke. Na njia iliyotumiwa ilikuwa mbaya kuliko minyororo. Mtoto alilazimishwa kumpiga au kumwua mwenzake aliyejaribu kukimbia, na mara nyingine jirani yake au hata jamaa yake. Asipofanya, atauawa yeye. Baada ya hapo aliambiwa: Sasa huna kwenu. Watu wako wakikuona watakuua, au watakufukuza kama mnyama. Hivyo njia ya kurudi nyumbani ilifungwa ndani ya moyo wa mtoto mwenyewe, na hapakuwa na haja tena ya kumlinda usiku na mchana.

Nakuomba ulishike jambo hili, ndugu msomaji, maana ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Yule kamanda alimpa mtoto ahadi moja: kwamba sisi hatutampokea. Mtoto akifaulu kutoroka, akavuka mito na mapori, akafika mlangoni petu, sisi ndio tutakaoamua kama kamanda yule alisema kweli au alisema uongo. Kila jirani anayemnyima mkono anaitimiza ahadi ya kamanda. Kila anayempokea anaivunja.

Makosa ya Aina Mbili

Watu wanaolizungumza jambo hili hukosea kwa njia mbili, na kila moja ina sura ya haki.

Kosa la kwanza ni la yule asemaye: "Muuaji ni muuaji. Aliyekufa haulizi umri wa aliyemwua." Maneno haya yana uchungu wa kweli ndani yake, na tutayarudia hapo mbele. Lakini dini na akili zote mbili zinakataa kumpima mtoto kwa mizani ya mtu mzima. Kosa la kimaadili huhitaji mtu ajue alitendalo na aweze kuchagua vingine. Mtoto wa miaka 11 aliyesimamishwa baina ya panga na kifo chake mwenyewe hakuachiwa uchaguzi ambao hata wazee wenye ndevu wangeumudu.

Mataifa nayo, baada ya kuchelewa sana, yamefikia hapo. Mkataba wa Afrika juu ya haki na ustawi wa mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unamhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na unazitaka serikali zisimshirikishe vitani. Mkataba wa ziada wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 2000 ulikaza zaidi jambo hilo hilo. Huko Sierra Leone, ambako vita vya mwaka 1991 mpaka 2002 viliwatumia maelfu ya watoto, mahakama maalum iliyoundwa baada ya vita ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kuwashitaki waliotenda wakiwa na miaka 15 na zaidi. Mwendesha mashtaka wake, David Crane, alitangaza mwaka 2002 kwamba hatamshitaki mtoto yeyote. Atawatafuta wale waliowatuma. Na katika nchi ya Congo, kesi ya kwanza kabisa kutolewa hukumu na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwaka 2012, ilikuwa ya Thomas Lubanga wa Ituri, aliyepatikana na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15. Alifungwa miaka 14. Katika kesi hiyo mtoto hakuwekwa kizimbani. Alihesabiwa kuwa ni aliyedhulumiwa.

Kosa la pili ni la watu wapole, nami nilikuwa mmoja wao. Hao husema: "Hukuwa na hatia. Basi yasahau yote, yamekwisha." Neno hilo husemwa kwa huruma, lakini humwacha mtu peke yake. Kwani yeye anakumbuka. Mikono yake inakumbuka. Ukimwambia hakuna kilichotokea, anaelewa kwamba hutaki kusikia. Na ukisema hana deni, anajiuliza mbona moyo wake unamdai. Mtu anaweza kuwa hana hatia na bado akawa na huzuni juu ya kitendo kilichopita mikononi mwake. Huzuni hiyo si ugonjwa tu. Ni dalili kwamba ule ubinadamu ambao waasi walitaka kuuzima haukuzimika. Aliyezimika kabisa hulala usingizi mzito.

Basi kaka yake mwanafunzi wangu, anayekosa usingizi, si mtu aliyepotea. Ni mtu ambaye dhamiri yake iko hai, nayo inahitaji msaada wa kuibeba. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia siku ile.

Utoto Unakwisha Lini?

Huenda mtu akauliza: "Vema, tumekubali juu ya mtoto. Lakini mtoto hukua. Je, aliyetekwa akiwa na miaka 9, akabaki porini, akawa kamanda, akawateka watoto wa wenzake, naye tumwite mtoto?"

Swali hili si la kubuni. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa Kony mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 9 hivi, alipokuwa njiani kwenda shule. Alikulia huko, akapanda vyeo mpaka kuongoza kikosi kikubwa. Alijisalimisha mwezi wa Januari 2015 huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Tarehe 4 Februari 2021 alipatikana na hatia ya makosa 61, yaliyotendwa baina ya mwaka 2002 na 2005, alipokuwa mtu mzima. Miongoni mwayo ni mashambulio juu ya kambi za wakimbizi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, kuwalazimisha wanawake ndoa, na kuwafanya askari watoto walio chini ya miaka 15, yaani dhulma ile ile aliyodhulumiwa yeye. Tarehe 6 Mei 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji wangeweza kumpa kifungo cha maisha. Walisema wazi kwamba waliutia hesabuni utoto wake ulioporwa. Rufani yake ilikataliwa mwezi wa Desemba 2022.

Watu wengi wa Acholi waligawanyika juu ya hukumu hii. Wengine walisema: tulishindwa kumlinda alipokuwa mtoto, tunawezaje kumhukumu leo? Wengine, waliozika jamaa zao Lukodi, walisema: sisi je, nani atatusikia?

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilisema kweli, na hukumu ile ilijaribu kuzibeba kweli zote mbili. Aliyedhulumiwa utotoni anabaki kuwa mdai wa haki yake mpaka kufa. Lakini kudai kwake hakumpi ruhusa ya kuichukua haki hiyo kwa kuwadhulumu watoto wengine. Akishakuwa mtu mzima mwenye akili na amri mkononi, anaanza kuandikiwa deni lake mwenyewe, bila lile alilokuwa akilidai kufutwa. Binadamu mmoja anaweza kuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Anayetaka kumfanya mmoja tu kati ya hayo anaipenda hesabu nyepesi kuliko haki.

Lakini tusisahau kwamba watu wa namna ya Ongwen ni wachache. Walio wengi ni kama kaka wa mwanafunzi wangu: walichukuliwa wakiwa wadogo, wakateswa miezi au miaka, wakatoroka walipopata nafasi, wakarudi vijijini mikono mitupu. Hao ndio ninaowasema katika makala haya.

Anadai Nini?

Ikiwa mtoto huyo ni mdai, basi anadai nini, na anamdai nani?

Anatudai sisi watu wazima. Maana mtoto haendi vitani isipokuwa mkubwa mmoja amemteka, na wakubwa wengine wameshindwa kumlinda. Mwezi wa Oktoba 1996 waasi waliingia usiku katika shule ya wasichana ya Aboke, wakaondoka na wanafunzi 139. Naibu mkuu wa shule, mtawa wa Kiitalia aitwaye Rachele Fassera, hakungoja jeshi. Aliwafuata porini pamoja na mwalimu mmoja, akamfikia kamanda, akamsihi, akarudi na wasichana 109. Waasi waliwabakiza 30. Katika miaka iliyofuata baadhi yao walikufa, na wengine wakatoroka mmoja mmoja. Mtawa huyo hakuwa wa dini yetu. Lakini aliujua wajibu wa mkubwa kwa mtoto, akaulipa kwa kuhatarisha roho yake. Wengi wetu hatutaitwa kufuata watoto porini. Tutaitwa kuwapokea wakirudi, na hilo ni jepesi zaidi, hatuna udhuru.

Haki ya kwanza ya mtoto huyu ni kupokelewa hadharani. Waacholi wana desturi ya zamani iitwayo nyono tong gweno, maana yake kukanyaga yai. Mtu aliyekuwa mbali na nyumbani kwa muda mrefu hulikanyaga yai bichi lililowekwa njiani, pamoja na kijiti cha mti wa opobo, ambao utelezi wake ni kama wa sabuni, na fito linaloitwa layibi, ambalo kwalo hufunuliwa ghala la chakula. Yai ni alama ya usafi. Kijiti ni alama ya kuoshwa. Na fito ni kusema kwamba sasa atakula tena pamoja na watu wa kwao. Baada ya vita desturi hii ilifanywa kwa makundi ya vijana waliorudi, mbele ya wazee na jamaa. Mwislamu ana njia zake mwenyewe za kumwelekea Mola wake, wala simwambii mtu afuate mila ya yai. Lakini nakuomba utazame hekima iliyomo. Wazee wale walijua kwamba haitoshi kumsamehe mtu kimoyomoyo ndani ya nyumba. Kijiji kizima kimwone akiingia, na yeye akione kijiji kikimwona. Ahadi ya kamanda ilitolewa kwa kishindo. Haiwezi kuvunjwa kwa kunong'ona.

Wala hili si jambo la mila tu. Watafiti waliowafuatia vijana wa Sierra Leone tangu mwaka 2002 waliona kwamba waliokubaliwa na jamii yao walipungukiwa na huzuni na kuongezeka imani juu ya nafsi zao, na waliobaguliwa walizidi kuumia. Yaani jeraha la mtoto huyu halitokani na yaliyompata vitani peke yake. Sehemu yake hutokana na yale anayokutana nayo nyumbani. Na sehemu hiyo iko mikononi mwetu.

Haki ya pili ni kusikilizwa pasipo kuhojiwa. Kuna tofauti baina ya kumsikiliza mtu na kumdadisi. Anayemdadisi anataka kisa cha kusimulia. Anayemsikiliza anangoja, hata mwaka, na hakimbii akisikia jambo la kutisha. Huko Msumbiji, wavulana 39 waliotolewa vitani na kupokelewa katika kituo cha Lhanguene, mjini Maputo, mwaka 1988, walifuatiwa hali zao kwa muda wa miaka 16. Walipokuwa watu wazima, wengi wao walikuwa wameoa, wanafanya kazi, wanalea watoto, na wanahesabiwa kuwa majirani wema. Waliokaa vitani muda mrefu zaidi walipata taabu zaidi. Na hata waliofanikiwa hawakusahau, kumbukumbu ziliwarudia. Hapa mna faraja na onyo kwa pamoja. Faraja ni kwamba mtoto wa vita anaweza kuwa mtu mwema kama wengine. Onyo ni kwamba usimwekee sharti la kusahau ndipo umwite mzima.

Haki ya tatu ndiyo tunayoisahau sana sisi watu wa dini, nayo ni elimu na kazi. Utafiti uliofanywa kaskazini ya Uganda baada ya vita uliwalinganisha vijana waliotekwa na wenzao wasiotekwa. Waliotekwa walikuwa wamepoteza karibu mwaka mmoja wa masomo. Nafasi yao ya kupata kazi ya ufundi ilipungua kwa nusu. Na mapato yao yalipungua kwa theluthi moja. Ama dhiki ya moyo, ilionekana zaidi kwa wale waliopatwa na ukatili mkubwa, wawe walitekwa au hawakutekwa. Fikiri juu ya jambo hili. Sisi huwaza kwamba kijana huyu anahitaji mawaidha, na hapana shaka anayahitaji. Lakini alichoibiwa kinachopimika kabisa ni darasa, na jembe, na cherehani, na randa ya seremala. Sheria ya msamaha ya Uganda ya mwaka 2000, iliyopiganiwa sana na viongozi wa dini wa Acholi, Wakristo na Waislamu kwa pamoja, iliwapa maelfu ya waliorudi cheti cha msamaha, na wengi walipewa pia godoro, blanketi, jembe, mbegu na fedha kidogo. Msamaha ule ulikuwa jambo kubwa. Lakini godoro huchakaa, na kijana wa miaka 17 aliyeacha shule darasa la tatu hawezi kuketi tena na watoto wa miaka 9. Kumwambia "Tumekusamehe" kisha kumwacha hana la kufanya ni kumlipa mdai kwa maneno.

Na hapa sina budi kuwataja wasichana. Watu wasikiapo "mtoto askari" humfikiria mvulana mwenye bunduki. Lakini wasichana wengi walichukuliwa, wakafanywa wapishi, wachukuzi, wapiganaji, na wake wa makamanda bila ya hiari yao. Huko Sierra Leone wengi wao hawakuingia katika mipango ya kuwasaidia waliotoka jeshini, kwa kuwa mara nyingi aliyetaka msaada alidaiwa kwanza kuonyesha silaha. Waliporudi na watoto mgongoni, walipata taabu mara mbili. Kwa Waacholi, kama kwa makabila mengi ya Afrika, ardhi hufuata ukoo wa baba. Basi mtoto aliyezaliwa porini na baba asiyejulikana au anayechukiwa hukua bila ya shamba la kurithi, na wenzake humwita kwa jina la kundi la waasi. Ikiwa tumekubali kwamba mama yake hakuwa na hatia, mtoto huyu wa pili ana kosa gani?

Haki ya Waliofiwa

Sasa turudi kwa yule mama asemaye: "Aliyekufa haulizi umri wa aliyemwua." Mama huyu hakukosa kulia. Asiambiwe asamehe upesi na watu ambao hawakuzika. Msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa. Hakuna shehe, padri wala serikali iwezayo kuutoa kwa niaba yake.

Lakini naye ni mdai kama yule mtoto, na mdaiwa wao ni mmoja. Hili limeonekana hata mahakamani. Tarehe 28 Februari 2024, majaji wa kesi ya Ongwen waliamuru fidia ya zaidi ya yuro milioni 52 kwa watu waliodhulumiwa, ambao idadi yao ilikadiriwa kuwa 49,772. Katika hesabu hiyo wamo waliopona katika zile kambi nne na jamaa za waliouawa. Na wamo pia waliofanywa askari utotoni, na watoto waliozaliwa utumwani. Majaji hawakuwaweka mtoto askari na mama aliyefiwa katika pande mbili. Waliwaandika katika orodha moja. Ongwen hana mali ya kulipa fidia hiyo, na fedha haifufui mtu. Lakini kuandikwa pamoja kuna maana. Anayewagombanisha watu hao wawili kijijini anamsaidia mdaiwa wa kweli kujificha.

Wewe na Mimi

Huenda ukasema: "Mimi niko mbali na Gulu, na mbali na Freetown. Haya yananihusu nini?"

Yanakuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba vita na wakimbizi havina mipaka. Waliokimbia Congo, Burundi na Sudan ya Kusini wanakaa Kigoma, Kakuma na Nakivale. Na yule kijana mnyamavu anayekaa safu ya nyuma katika msikiti wako, au anayekuuzia mboga, huenda amebeba asiyoyasema. Usimwulize. Mpe salamu kwanza. Mwulize jina lake, na umwite kwa jina hilo. Kama una ufundi, mfundishe. Kama una duka, mwajiri. Mtu akimtaja kwa jina baya mbele yako, usicheke pamoja naye.

Njia ya pili ni ya ndani zaidi. Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mliingia katika dini mkiwa watu wazima, na wengine mngali mlangoni. Mnajua jinsi inavyouma mtu anapobadili maisha yake, kisha akasikia wenzake wakisema: "Huyu tunamjua, juzi tu alikuwa hivi na hivi." Mnajua kwamba toba ya mtu inaweza kukubaliwa na Mwenyezi Mungu usiku mmoja, lakini watu wakachukua miaka kumi kuikubali. Basi ninyi mwafahamu zaidi kuliko waliozaliwa ndani. Na kama sisi tulioyafanya makosa yetu kwa hiari tunatumaini kuanza upya, itakuwaje tumnyime nafasi hiyo yule ambaye makosa yake aliwekewa mkononi na wengine?

Mwaka 2003, watoto wa vijiji vya Acholi walipokuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu wasije wakatekwa, viongozi wa dini wa huko, Wakristo na Waislamu, waliondoka majumbani mwao wakaenda kulala nje pamoja na watoto hao kwa usiku kadhaa. Vita havikukoma kwa sababu hiyo. Lakini mtoto aliyelala karibu na askofu na shehe juu ya sakafu ya saruji alipata kujua kwamba wakubwa hawajamwacha.

Nilimwita tena mwanafunzi wangu baada ya siku kadhaa. Nilimwambia: "Mwambie kaka yako kwamba lile jibu la kwanza ni kweli, lakini halikukamilika. Mwambie kwamba kwa Mwenyezi Mungu hakuandikiwa dhambi ya utoto wake. Na kwamba huzuni yake si alama ya laana, bali ni alama ya uhai. Mwambie kwamba sisi wakubwa tuna deni lake, na kwamba mimi, mwalimu wako, ni mmoja wa wadaiwa." Kijana akauliza: "Na jirani zetu?" Nikamwambia: "Utakaporudi nyumbani likizo, mshike kaka yako mkono, mtembee naye mchana, mpite mbele ya nyumba zote, mkawasalimu wote. Watakaoitika, itikieni. Wasioitika, wasalimuni tena kesho."

Alipotoka likizo aliniambia maneno machache tu. Walikuwa wamepita kila siku kwa wiki tatu. Katika wiki ya kwanza aliwaitikia mzee mmoja. Katika wiki ya tatu, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe katika vita vile hakuitika, lakini aliwaletea kiti.

Mwenyezi Mungu awaponye walioumizwa wakiwa wadogo, awape subira waliofiwa, na atujalie sisi wakubwa kulipa madeni yetu kabla ya kuulizwa. Amin.